Onibaba: shimo na nyasi vina maana gani kwa wanawake wale?

Bint Kisauni
Assalaam aleikum. Juzi, katika kikao chetu cha filamu hapa Kisauni, tulitazama Onibaba ya Kaneto Shindo (1964), ambamo mavyaa na mkaza mwana wake, katika vita vya Japani vya karne ya 14, huwavizia askari waliopotea ndani ya nyasi zinazowapita kimo, huwaua, huwavua deraya na kuwatumbukiza katika shimo refu. Wengi walisema shimo hilo ni ishara ya matamanio ya kike yanayommeza mwanamume. Mimi sikuridhika. Je, si kweli kwamba nyasi zile ni milki yao, mahali pekee ambapo wana mamlaka?

Maalim wa Likoni
Waaleikum salaam, Bi. Milki ndiyo, lakini ina mpaka. Deraya zote huishia kwa Ushi, mwanamume anayewapa nafaka kwa kadiri apendavyo yeye. Nyasi zinawaficha, hazijawakomboa.

Mama Nuru
Kuhusu Ushi nakubaliana na Maalim, ila kiini cha mambo nakiona kwa mavyaa. Hachi, jirani aliyerudi vitani bila mwana wa nyumba hiyo, anapoanza kumvuta mkaza mwana, ni rahisi kusema kwamba mama yule ana wivu, na wivu upo, maana anajitoa mwenyewe kwa Hachi akakataliwa, na tunamwona amekumbatia mti mkavu. Lakini anamsihi pia asimchukue binti, kwa kuwa peke yake hawezi kuua, na asipoua hali. Ndipo anapovaa kinyago cha pepo, alichokibandua usoni mwa samurai aliyeangukia shimoni, akamtishia binti kila anapokatiza nyasi usiku kumfuata Hachi. Nyasi zilizokuwa silaha ya wanawake wawili dhidi ya wanaume sasa zinamfungia mmoja wao, na mvua inapokigandisha kinyago, mtishaji anabaki kumlilia yule yule aliyemtisha amvunjie kwa nyundo.

Tena angalieni: Hachi, ambaye ndiye hasa mwanamume wa matamanio, haliwi na shimo. Anauawa kibandani mwake na mwanamume mwenzake aliyeingia kumwibia chakula.

Bint Kisauni
Ahsante, Mama Nuru. Hoja hiyo ya Hachi nitaipeleka kikaoni, kwa sababu wanaoliruka shimo mwishoni ni wanawake wawili, mmoja akikimbia na mwingine akimfuata huku akipiga kelele kwamba yeye ni binadamu.