Kuacha paroksetini: vidonge vidogo, dawa ya maji au kuhamia fluoksetini?

Mkaazi wa Michenzani: Assalaam alaykum ndugu zangu. Natumia dawa ya sonona kwa muda mrefu na sasa daktari ameridhia niiache. Dada yangu anarudi kutoka Maskati mwisho wa wiki, na anataka kujua aninunulie vidonge vya nguvu ndogo, dawa hiyohiyo ya maji, au fluoksetini, dawa nyengine ya sonona ambayo nimesikia huachwa kwa wepesi. Ipi bora?

Mfamasia Mstaafu: Waalaykum salaam. Swali halijibiki lilivyo, kwa sababu hukutaja jina la dawa, kipimo, wala miaka uliyoitumia. Dawa za sonona kama paroksetini na venlafaksini hutoka mwilini upesi, ndiyo maana dalili za kuziacha huanza ndani ya siku chache na huwa kali. Fluoksetini hubakia mwilini kwa wiki kadhaa na hupungua yenyewe taratibu.

Mkaazi wa Michenzani: Ni paroksetini, miaka minane. Nilikusudia kukata kidonge nusu, kisha nimeze siku moja na kuacha siku moja, kisha basi.

Bint Wete: Kaka yangu, hilo la kuruka siku liache kabisa, maana dawa hiyo hushuka kabla kidonge kinachofuata hakijafika. Mimi natumia hiyohiyo. Nilikwenda Pemba msibani, dawa ikaniishia, na duka la dawa likawa linaniahidi kesho na keshokutwa. Kwenye boti ya kurudi nilidhani kizunguzungu kile ni cha mkondo wa Nungwi, lakini nilipofika nyumbani sakafu iliendelea kuyumba. Kila nilipogeuza macho upande, mshituko kama wa umeme ulipita kichwani, mfupi sana, kisha mwengine. Usiku niliota ndoto za kutisha, na mchana nililia kwa matangazo ya vifo redioni ya watu nisiowajua. Mama mkwe akasema maradhi yamerudi, na daktari wa kliniki moja akakubaliana naye bila ya kuniuliza nilikuwa nikimeza nini, akaniandikia dawa ya pili. Shoga yangu muuguzi ndiye aliyeuliza. Niliporudia kidonge changu, haikuchukua muda nikawa mzima. Sonona yenyewe hairudi namna hiyo. Aghalabu huingia polepole, kwa wiki au miezi, wala haina umeme kichwani.

Sharifu wa Mkunazini: Dawa hizi ni utumwa mtupu. Tumia habasoda kwa asali, ufanyiwe ruqya, na uzitupe zote leo.

Bint Wete: Sharifu, kwa heshima yako, ruqya hakuna aliyeikataza, nami nilisomewa. Lakini kumwambia mtu wa miaka minane azitupe leo ni kumtia khatarini, na wewe hutakuwepo usiku asipopata usingizi.

Mfamasia Mstaafu: Turudi kwenye kipimo. Mwaka 2019 watafiti Mark Horowitz na David Taylor walieleza katika jarida la Lancet Psychiatry jambo ambalo wagonjwa walikuwa wakililalamikia zamani: nusu ya kidonge haipunguzi nusu ya kazi ya dawa kwenye ubongo. Kutoka miligramu 20 kwenda 10 athari hupungua kidogo tu, lakini kutoka 5 kwenda sifuri ni kuanguka kutoka darini. Kwa hiyo hupunguzwa sehemu ya kile unachotumia sasa, ukasubiri wiki mbili hadi nne, na ukizidiwa unarudi kipimo cha mwisho ulichokimudu. Dawa ya maji ndiyo inayowezesha hayo, kwa kuwa hupimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Boksi lako limeandikwa nini?

Mkaazi wa Michenzani: Limeandikwa CR 25.

Mfamasia Mstaafu: Ulipaswa kuanza na hilo! Kidonge hicho kimetengenezwa kutoa dawa kidogo kidogo. Ukikikata unaharibu mpangilio huo. Daktari akuhamishie kwanza kwenye paroksetini ya kawaida, ndipo dawa ya maji ifuate.

Ami wa Chake: Taabu yote hiyo ya nini? Mimi nilihamishiwa fluoksetini, inapatikana hapahapa kwa bei nafuu, na nikaiacha bila ya kuhisi chochote.

Mfamasia Mstaafu: Ami, ilikufaa wewe, na ni njia inayotambulika, ila wapo ambao haiwazuilii dalili. Tena kubadilishana dawa hizi mbili hupangwa na daktari, kwa kuwa zikikutana vibaya mwilini huleta homa, jasho na kutetemeka, na kwa anayetumia tramadoli, dawa ya maumivu, khatari huongezeka.

Ami wa Chake: Kwani unaiacha kwa nini, ikiwa inakusaidia?

Mkaazi wa Michenzani: Uzito umepanda, na mambo ya unyumba hayaendi. Zaidi ya hapo sitaeleza.

Bint Wete: Inatosha kaka. Huenda hata kupunguza tu, bila ya kuacha, kukakupa nafuu. Hilo nalo mwulize daktari.

Mkaazi wa Michenzani: Keshokutwa nina miadi Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili. Dada nimemwambia asinunue kitu kwanza, naye amekasirika kwa sababu mizigo ameshaifunga.

Mgeni wa Mkoani: Samahani kwa kuingilia. Mimi natumia sertralini, nayo ni dawa ya sonona, na nataka kuiacha kabla ya Ramadhani. Haya yananihusu?

Mfamasia Mstaafu: Yanakuhusu. Kipimo gani, na kwa miaka mingapi?