Chemsha bongo kwa wapenzi wa kengele za moto: paneli ya kijani, kengele bubu

Mzee wa Paneli (Tanga)
Wakuu, heshima kwenu. Ugonjwa wangu mnaujua: sebuleni kwangu kuna paneli, yaani kile kisanduku kinachosimamia kengele za moto, ya zoni nne (sehemu nne za jengo), niliyoiokota kwa wauza chuma chakavu wa Gerezani kule Dar, imetundikwa pale wenzangu wanapotundika picha ya harusi. Leo nawapima. Kukosea ruksa, kuchungulia Google marufuku.

Swali la 1: Naanza kazi, niliitwa kwenye hoteli moja ya pwani. Paneli kijani, betri mpya, hakuna hitilafu. Nikapanda ghorofa ya 3, nikavunja kioo cha kile kitufe chekundu. Kimya! Nashuka mbio kuangalia paneli, bado kijani. Kosa liko wapi?

Swali la 2: Boston, 29 Aprili 1852. Mfumo wa telegrafu wa Channing na Farmer unapokea taarifa yake ya kwanza ya moto. Mtu kafika kwenye boksi la mtaani, kazungusha mpini, kituoni hawakuambulia kitu. Kwa nini?

Swali la 3: Vigunduzi vingi vya moshi vya zamani vina chembe ya amerisiamu-241. Inafanya kazi gani mle?

Kibarua Msomi
Nawahi siti ya mbele.

Fundi Likoni
Mzee, la kwanza rahisi. Honi imekufa. La tatu, hiyo chembe ndiyo inanusa moshi.

Mzee wa Paneli
Likoni, honi ingekufa, taa nyekundu ya zoni ingewaka. Nimesema paneli ilibaki kijani, yaani haikupata habari kabisa. La tatu nakupa nusu kwa huruma.

Binti Volti
Shikamoo mzee. Swali la 1: rezista ya mwisho wa waya (kile kidude cha kubana mkondo) haikuwa mwisho wa waya. Paneli hupitisha mkondo mdogo muda wote hadi kwenye ile rezista. Volti 24 kwa rezista ya ohmu 4,700 ni kama miliampia 5. Mkondo ukikatika, taa ya njano. Ukipanda ghafla kwa sababu mtu kabonyeza kitufe, moto. Nahisi fundi aliyekutangulia aliifunga ndani ya paneli, kwa hiyo paneli ilikuwa inajiangalia yenyewe, waya ukikatika huko nje haijui.

Swali la 3: miale ya alfa inaipa hewa chaji, mkondo kiduchu unapita kati ya vibati viwili. Moshi ukiingia, mkondo unashuka, kinalia. La pili sijui.

Mzee wa Paneli
Marahaba mwanangu. Umenimaliza! Ilikuwa imefungwa palepale kwenye skrubu za zoni, imekunjwa vizuri kabisa. Taa ya njano ilikuwa inamsumbua, akainyamazisha. Watu wa namna hiyo hawakosi kazi, sijui kwa nini.

La pili ni hivi. Ndani ya boksi kulikuwa na gurudumu lenye meno, kila jino likigusa na kuachia waya ili kugonga namba ya boksi kituoni. Mpini ulikuwa wa mkono. Yule bwana, moto nyuma yake, kauzungusha kama anayechota maji kisimani kuna foleni. Namba zikavurugika, ikabidi akimbie kituoni kwa miguu. Baadaye maboksi yakawekwa springi: unavuta mara moja, gurudumu linakwenda kwa mwendo wake, uwe na hofu usiwe nayo. Na Binti, utapenda hii: kwenye mifumo ya kampuni ya Gamewell iliyotokana na ule wa Boston, mkondo ulipita kwenye waya muda wote, ukikatika kituoni wanajua. Rezista yako ni mjukuu wa wazo hilo.

Fundi Likoni
Nimekubali kushindwa na mtoto. Lakini mzee, hicho kigunduzi cha zamani naweza kukifungua nione hiyo chembe?

Mzee wa Paneli
Usithubutu. Juu ya dari hakina neno, ila ukianza kukwangua vumbi lake ukalivuta puani, litakaa mwilini likitoa miale, na amerisiamu hupungua nusu kwa miaka 432. Hutaisubiri.

Kibarua Msomi
Na ile hoteli mkuu, iliishaje?

Mzee wa Paneli
Nikaihamishia rezista kwenye kigunduzi cha mwisho. Njano papo hapo. Siku mbili tunafuata waya, tukaukuta umekatika juu ya dari ya chumba cha kufulia. Meneja akaniuliza kwa nini nimeiharibu paneli yake iliyokuwa nzima.