Tupeane uzoefu: kusoma chuo kwa masafa bila kupoteza muda na bando

Mwanzisha uzi
Wakuu, uzi huu ni wa wanaosoma chuo kwa masafa na wanaowafundisha. Tuweke mbinu zenye hatua na vipimo. "Jitume" na "panga muda" kila mtu ameshaambiwa.

Naanza na msingi: intaneti ni ya kuchukua, kuuliza na kukabidhi. Kusoma kwenyewe kufanyike data ikiwa imezimwa. Mwanzo wa juma ingia kwenye jukwaa la chuo upakue noti, slaidi, maswali na rekodi za juma zima. Kama chuo kinatumia Moodle (mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni), programu yake ya simu inaweza kupakua kozi nzima au sehemu moja ukaisoma bila mtandao, iwapo chuo kimeruhusu. Angalizo: video iliyowekwa kama kiungo cha tovuti nyingine haishuki pamoja na kozi. Zikague hizo mapema, usije ukakuta ukurasa mtupu.

Kila faili ulipe jina upya: msimbo wa kozi, juma, mada. Majina yanayotoka jukwaani hufanana, na wakati wa mtihani utafungua faili kumi ukitafuta moja.

Fundi wa mitambo
Naongezea upande wa data. Sauti ya kilobiti 80 kwa sekunde hula takriban MB 36 kwa saa. Video ya megabiti 1 kwa sekunde hula takriban MB 450 kwa saa hiyohiyo, na kamera yako ikiwaka unatuma pia. Kwa hiyo kwenye kipindi cha moja kwa moja zima kamera, zima upokeaji wa video kama programu inaruhusu, ufungue slaidi ulizopakua na usikilize. Ukiona sauti inakatika-katika, kwanza simamisha masasisho na uhifadhi wa picha unaoendelea kimyakimya nyuma. Mara nyingi hivyo ndivyo vinavyobana njia.

Mkutubi
Kwenye makala za kitaalamu watu huishia ukurasa unaodai malipo, wakakata tamaa. Fanya hivi: nakili kichwa chote cha makala, kiweke ndani ya alama za kunukuu kwenye Google Scholar, kisha chini ya tokeo fungua orodha ya matoleo yote. Mara nyingi nakala ya bure huwa imewekwa na mwandishi kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo chake. Unpaywall, kiendelezi cha bure cha kuongeza kwenye kivinjari, nacho huonyesha kufuli la kijani pembeni mwa ukurasa pale nakala halali ya bure inapopatikana. Ikishindikana, ingia kupitia maktaba ya chuo chako kwa akaunti ya mwanafunzi, maana usajili wa majarida umeshalipiwa huko.

Tahadhari moja: nakala ya hazina inaweza kuwa rasimu iliyokubaliwa kabla ya kupangwa jaridani. Kurasa zake hazilingani na za jarida, basi usinukuu namba ya ukurasa kutoka humo. Na marejeo yaliyotolewa na roboti za mazungumzo yahakikiwe moja moja kwa DOI, yaani namba ya kipekee ya kutambulisha makala. Zina tabia ya kubuni makala ambayo haipo, ikiwa na majina ya waandishi halisi.

Mkufunzi
Nipingane kidogo na wanaorudia rekodi mara tatu. Kurudia kunakufanya uone mambo yamezoeleka, ukadhani umeelewa. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilipima hili mwaka 2006: baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi, lakini baada ya juma moja waliojaribu kukumbuka bila kuangalia ndio waliobaki na mengi. Sikiliza dakika 10 hadi 15, simamisha, funga kila kitu, andika kwa mkono ulichoshika, ndipo urudi kukagua mapengo. Mapengo hayo ndiyo maswali ya kumpelekea mkufunzi.

Na swali liandikwe likamilike: msimbo wa kozi, ukurasa wa noti, hatua uliyofika, na pale ulipokwama, ukiambatisha ulichoandika. "Mwalimu sijaelewa sura ya 3" humlazimu mkufunzi akuulize tena, na siku zinapita. Kama si jambo la siri, liulize kwenye uwanja wa majadiliano wa kozi. Jibu litawafaa wenzako, na pengine mwenzako atakujibu kabla ya mkufunzi.

Mdau wa mitihani
Kukabidhi ndiko kunakoponza watu waliokwisha kufanya kazi nzuri. Kwenye Moodle baadhi ya kazi hubaki rasimu mpaka ubonyeze kitufe cha pili cha kuwasilisha. Usitoke kabla hali haijasomeka kwamba imewasilishwa, kisha piga picha ya skrini. Pakua ulichopakia ukifungue, uhakikishe ndilo faili lenyewe.

Saa nazo: 23:59 ni saa 5:59 usiku. "00:00 tarehe 15" ni usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa hiyo ukisubiri jioni ya tarehe 15 umeshachelewa. Kagua pia ukanda wa saa kwenye wasifu wako, maana jukwaa huonyesha muda kulingana nao.

Kazi za mkono zisipakiwe kama picha za kawaida za kamera. Kurasa kumi hupita kikomo cha ukubwa upesi. Tumia programu ya kuskani, rangi ya kijivu, nukta 200 kwa inchi, zote katika PDF moja.

Mwanzisha uzi
Shukrani mkuu. Na kwenye kwizi mtandao ukikatika katikati je?

Mdau wa mitihani
Saa ya kwizi inaendelea kuhesabu kwenye seva hata ukiwa nje. Rudi kwenye jaribio lilelile kwa kitufe cha kuendelea. Usifungue kwizi moja kwenye vichupo (tab) viwili, kwani Moodle hugoma majibu yakifika nje ya mpangilio. Ukurasa ukionyesha hauna mawasiliano, nakili majibu marefu pembeni kabla ya kuupakia upya.