Tupeane uzoefu: Rafiki wa dini nyingine kwenye ndoa yako ulimpa nafasi gani?

Mwanzisha mada:
Wakuu, salaam. Desemba nafunga ndoa kanisani hapa Morogoro, mimi na mchumba wangu wote Wakatoliki. Swahiba wangu wa kufa na kuzikana ni Muislamu. Kumpa kadi akakae meza ya nyuma nafsi inakataa. Mliopitia haya mlifanyaje?

Mdau wa Kigamboni:
Muone paroko mapema, kabla hujamuahidi mtu. Kuhusu mashahidi, Kanuni ya 1108 ya Sheria za Kanisa inataka wawe wawili, basi. Haijasema lazima wawe Wakatoliki. Ila parokia zetu nyingi zinataka wasimamizi wawe wanandoa waliofunga ndoa kanisani, maana ndio watakaowalea. Kwangu paroko alikataa kata kata. Rafiki yangu akabeba pete. Wakati wa komunyo alibaki amekaa, na wala hakuna aliyegeuza shingo.

Bi harusi wa Tanga:
Kwetu Waislamu, wali anayemuozesha bi harusi na mashahidi wa akdi ya ndoa hapana mjadala, lazima wawe Waislamu. Lakini shughuli ya ndani ni ya wanawake, na huko shoga yangu Mlutheri ndiye aliyekuwa mkono wangu wa kulia. Sheikh alipoingia na mashahidi kuniuliza kama nimeridhia kuozeshwa, sauti ilinikauka. Shoga, kajitanda mtandio utadhani kazaliwa Chumbageni, akanifinya paja. Nikajibu! Mama mkwe mpaka leo anamuulizia yeye kabla yangu.

Mtu wa kamati:
Mnajadili madhabahu, jikoni mmepasahau. Harusi yetu Moshi, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, alichinja rafiki Muislamu wa bwana harusi mwenyewe, alfajiri, wazee wamemzunguka. Ukumbini ilipokatwa, Waislamu wote walikula bila kuulizana. Vinywaji vikali tuliviweka pembeni peke yake, na MC tukamwambia asimlazimishe mtu kugonga glasi. Tulitenga pia chumba kidogo chenye mikeka, maana swala ya alasiri iliangukia katikati ya kupiga picha.

Abuu:
Niseme kwa upande wa anayealikwa. Niliombwa nisimame mbele kanisani, nikakataa. Kuna maneno pale siwezi kuyatamka, na kusimama mdomo umefungwa mbele za watu ni kujidhalilisha mimi na wenyeji. Nilikaa benchi la pili na wazazi wake, mchango nilishatoa, na gari la maharusi niliendesha mimi. Kwa hiyo mkuu, muulize yeye kwanza. Huenda unampigania cheo asichokitaka.

Mwanzisha mada:
Abuu, umenigusa, sikuwahi kumuuliza. Jioni nampitia kijiweni kwake. Mtu wa kamati, hiyo ndafu mlimlipa mchinjaji au mlimpa kichwa na ngozi kama desturi?

Mtu wa kamati:
Hakutaka hata mia. Ngozi aliondoka nayo.