Leseni ya fundi umeme inamlinda nani?

Mwanzisha mada, Mikindani: Wana Mtwara, hela za korosho zikiingia kila mtu anamalizia nyumba, na mafundi umeme hawashikiki. Nyaya zangu zimefungwa na kijana wa mtaani, kazi safi tu kwa macho. Kuomba umeme TANESCO, ikatakiwa fomu yenye muhuri wa mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, wadhibiti wa nishati na maji. Nikampata. Akachukua chake, akagonga muhuri tukiwa kijiweni. Kwangu hajawahi kufika. Sasa hapo nimelindwa na nini?

Fundi mwenye leseni, Chikongola: Njomba, wewe umenunua muhuri, hukununua ukaguzi. Anayesaini anatakiwa apime ethi, yaani njia ya kupeleka umeme uliovuja ardhini, apime insulesheni, yaani ganda la nyaya, aangalie kama laini na nyutro hazijapishana. Leseni zina madaraja, wa nyumba za kawaida haruhusiwi kugusa kiwanda. Lakini anayegonga kijiweni anatuchafua wote.

Mama wa Ligula: Nyie mnaongelea karatasi. Mimi friji ilikuwa inanipiga shoti kila nikigusa mlango nikiwa peku. Fundi mwingine akaja kufukua ethi rodi, ile fimbo ya chuma ya ethi inayozikwa ardhini: imekatwa nusu! Nusu ya pili sijui inalinda nyumba ya nani. Na mchanga wetu huu kiangazi unakauka kabisa, rodi fupi haifikii unyevu. Soketi nazo zilivutwa kwa waya mwembamba wa 1.5 badala ya ule mnene wa 2.5. Aliyefanya hayo leseni anayo, nilionyeshwa.

Kijana wa Masasi: Asante mama. Sisi tusio na leseni tunaitwa vishoka, ila hao wenye leseni ndio wanatupa kazi, wanatulipa kiduchu halafu wanasaini wao. Miaka tisa nimejifunza kwa mjomba. Leseni inataka cheti, cheti kinataka ada.

Fundi mwenye leseni, Chikongola: VETA, wale wa mafunzo ya ufundi, wanapima ujuzi wa waliojifunza mtaani na kuwapa cheti, mdogo wangu, si lazima ukakae darasani upya. Nenda kaulize. Maana nyumba ikiungua, mwenye leseni anaweza kunyang'anywa. Wewe utanyang'anywa nini, bisibisi?

Mama wa Ligula: Amewahi kunyang'anywa nani hapa mtaani? Mimi sikujua hata pa kushitakia.

Fundi mwenye leseni, Chikongola: EWURA wanapokea malalamiko, mama. Lakini ubaki na risiti na nakala ya fomu yenye jina lake.

Mwanzisha mada, Mikindani: Nimempigia yule wa muhuri aje apime. Anasema kupima ni hela nyingine.