Likembe yenye umeme: iingie katika saa ya muziki wa asili, au isiingie?

Mkaaji wa Kamalondo (anafungua mjadala)

Redio moja ya hapa Lubumbashi ina saa yake ya muziki wa asili. Juzi msikilizaji kaomba «Paradiso» ya Konono No 1, lile kundi la Kinshasa linalopiga likembe za umeme, mtangazaji kakataa: hiyo ni ya disko, aiombe Jumamosi usiku. Simu zikafululiza mpaka kipindi kikaisha, na huku mtaani watu bado hawajapatana. Nauleta ubishi hapa. Muziki wa asili ukipita kwenye mashine, unabaki wa asili au umeshahama? Anayejibu ataje angalau wimbo mmoja anaoutetea, tusije tukabishana na upepo.

Mimi nasema haujahama. Mawangu Mingiedi, aliyeanzisha Konono huko Kinshasa miaka ya 1960, alikuwa Mzombo, kabila la mpakani na Angola, na dereva wa lori. Muziki wa kwao zamani ulipigwa kwa pembe za ndovu. Yeye akauhamishia kwenye likembe, na hapo hakuna mzee aliyemwambia ametoka kwenye asili. Sasa likembe ni kisanduku kidogo chenye vyuma vyembamba, na Kinshasa ni Kinshasa, magari na watu, nani atakusikia? Akatafuta sumaku kwenye vyuma vya magari mabovu, akatengeneza vinasa sauti kwa mkono wake, akaviunga na vipaza sauti vyenye umbo la pembe, vile vya enzi ya Wabelgiji. Sauti ikatoka na mikwaruzo. Hakuifuta. Ilizidi kunoga nayo, ikawa sehemu ya muziki wenyewe. Albamu ya Congotronics ilipotoka mwaka 2004, wapenzi wa tekno, muziki wa dansi wa mashine, huko Ulaya waliipokea kana kwamba imetoka kwao, na ndani hamna kompyuta inayopiga hata noti moja.

Basi mtangazaji anieleze: Mingiedi alihama siku gani? Alipoacha pembe, au alipookota sumaku?

Zangu ni tatu. «Paradiso» nimeshaitaja, isikilizeni yote, msikate katikati, maana utamu wake unakuja kwa kurudia. Ya pili ni «Malukayi» ya Mbongwana Star, 2015. Coco Ngambali na Theo Nzonza walitoka kundi la Staff Benda Bilili, wakawaalika Konono, na besi ya wimbo ule inatembea chini kabisa, sauti za waimbaji zinakuja kama kutoka chumba cha pili. Hiyo ni ya vifaa vya masikioni, si ya spika ya simu. Ya tatu ni ya mwana wa Lubumbashi, Baloji, aliyezaliwa hapa 1978 akakulia Ubelgiji: «Karibu ya Bintou», rapu juu ya likembe za Konono haohao.

Mzee wa mtaa wa Kenya

Leki, miye sina shida na Mingiedi. Ule alipiga na mikono yake. Shida yangu iko na batoto ba leo. Anakata sekunde ine za karindula, ile banjo kubwa ya kwetu, anazirudisha-rudisha mpaka asubuhi, juu yake anatia ngoma ya kompyuta, kisha anasema amechanganya. Amechanganya nini? Karindula haiko sekunde ine! Iko pipa ya mafuta na ngozi ya mbuzi, na nyuma yake kuko mutu mwenye macho. Anaona mama fulani amesimama kucheza, anarefusha. Anaona bantu bamechoka, anageuza maneno, anamutaja mwenye sherehe kwa jina, franka zinaanguka. Mashine inamuona nani?

Wimbo wangu: «Masanga» ya Mwenda Jean Bosco. Hugh Tracey, muzungu mwenye kurekodi nyimbo za Afrika, aliirekodi mwaka 1952 ku Jadotville, Likasi ya leo. Gitaa moja, kidole gumba na cha shahada, na unasikia kama bapigaji babili. Munitafutie DJ mwenye kufanya ile.

Fundi wa sauti, Katuba

Mzee wangu, shikamoo. Hata «Masanga» tunayo leo kwa sababu mtu alikuja na mashine ya kurekodi. Lakini kwenye sekunde nne niko upande wako, na nitasema kwa nini, kwa sababu ndiyo kazi inayonilisha.

Likembe haipangwi sauti kwa kufuata piano. Kila fundi ana mpango wake, vyuma anavisukuma mbele na nyuma mpaka sikio lake liridhike. Kijana akiweka sinthesaiza, kinanda cha umeme, juu yake bila kugusa kitu, mbili hizo zitagombana, na kila mara watasema mbovu ni likembe! Kwa hiyo anaifungia programu ya kunyoosha sauti, na likembe inakuwa piano mgonjwa. Mwendo nao ni hivyohivyo. Mpigaji anaharakisha kidogo wimbo ukipamba moto. Kompyuta imeshafungwa mapigo 120 kwa dakika na haitaki kusikia. Dawa ipo, inataka uvumilivu tu: mpigaji apige kwanza peke yake, halafu mashine ndiyo imfuate. Wengi hawana muda, umeme wenyewe una saa zake.

Waliofanya vizuri? Francis Bebey wa Kameruni. Katika mkusanyo wa kazi zake za kielektroniki za 1975 hadi 1982, uliotolewa 2011, kuna «New Track». Mtu yuleyule aliyekuwa akipiga sanza, ndugu ya likembe, alikaa na kinanda cha umeme na ngoma ya mashine kabla wengi wetu hatujazaliwa. Na anacheka ndani ya nyimbo zake, jambo ambalo vijana wa leo wenye sura za kununa wangejifunza. Pia KOKOKO! wa Kinshasa, albamu Fongola ya 2019: ala za makopo, chupa na vyuma vya kuokota, pembeni Mfaransa Débruit na mashine zake. Anzeni na «Azo Toke».

Dada wa Himbi, Goma

Ninyi wa Katanga mnabishana kama vile jambo hili limeanza kwenu. Angalieni upande wa Dar es Salaam. Mchiriku ni ngoma za uswahilini na vinanda vidogo vya Casio, vile vya kuchezea watoto, vimepitishwa kwenye vipaza sauti mpaka vinalia kama king'ora. Sikilizeni Jagwa Music, albamu Bongo Hotheads, 2012. Kutoka huko ndiko tunafika kwenye singeli, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na mkusanyo wa Sounds of Sisso wa 2017 ukaipeleka mbali. Kuna aliyewauliza kama ni asili? Watu walikuwa wanacheza.

Kwetu Goma, Innoss'B na Diamond walipotoa «Yope» ya pamoja mwaka 2019, bibi zetu waliicheza harusini na wajukuu waliicheza kwenye simu. Siku hizi ni simu zaidi kuliko harusi, sababu mnazijua.

Wa Ibanda, Bukavu

Mnaniacha hoi. Asili, si asili, na hakuna anayeuliza pesa inalala wapi. Congotronics ilitolewa na kampuni ya Crammed Discs ya Brussels. Mbongwana Star, World Circuit ya London. Hata karindula ya mzee, ile Karindula Sessions ya 2011, ni Crammed tena. Mwaka huohuo Damon Albarn, mwanamuziki wa Uingereza, alikuja Kinshasa na kundi la watayarishaji, siku tano, wakaondoka na albamu nzima, Kinshasa One Two. Mapato yalikwenda kwa Oxfam, sawa, na «Hallo» ni wimbo mtamu, siukatai. Lakini sisi tunakuwa wa kuchimbwa tu, hata kwenye nyimbo?

Ndiyo maana napendekeza «Na Zala Zala» ya Rey Sapienz na Congo Techno Ensemble, 2021. Mkongomani, na nyumba iliyoitoa, Nyege Nyege Tapes, iko Kampala. Hapo ni jirani.

Mkaaji wa Kamalondo

Wa Ibanda, hoja yako ni nzito, ila haimsaidii yule mtangazaji. Yeye hakukataa «Paradiso» kwa sababu ya Brussels. Rekodi za Tracey nazo zilitolewa na wageni, na anazipiga kila wiki bila kuuliza. Alikataa kwa sababu alisikia mkwaruzo.

Mzee wa mtaa wa Kenya ndiye amenipa kipimo ambacho redio ingeweza kukitumia: kuna mtu mwenye macho nyuma ya ala, au kuna kipande kilichokatwa? Kwa kipimo hicho Konono wanaingia. Mchiriku unaingia. DJ wa sekunde nne asubiri Jumamosi usiku, hata kama kipande alichokata ni cha babu yake. Na anayepigwa atajwe jina hewani, mpiga likembe kwanza, mwenye kompyuta baadaye.

Mzee wa mtaa wa Kenya

Apo tunasikilizana kidogo. Dada wa Goma, nitumie ile ya Casio. Sauti tu, usitume video, inakula mega.