Hati safi, hoja 61: diwani aingie baraza la hoja na makaratasi gani?

Diwani wa Kata
Wakuu, heshima kwenu. Halmashauri yetu imepata hati inayoridhisha (hati safi) mwaka wa nne mfululizo, na mkurugenzi haachi kuitaja. Lakini jedwali tulilogawiwa lina hoja 61 za ukaguzi, na 23 kati yake ni za miaka ya nyuma. Mbili zinahusu makusanyo yasiyofika benki. Hati inakuwaje safi hapo? Na mjumbe wa Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango ajiandae vipi? Zimebaki wiki mbili baraza likae kujadili hoja hizo.

Leja Kuu
Mheshimiwa, hati ni maoni ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) juu ya hesabu, si juu ya tabia za watu. Inajibu swali moja: hesabu zilizofungwa 30 Juni zinaonyesha hali halisi, bila kosa kubwa? Kazi yote iko kwenye neno "kubwa". Mkaguzi hujiwekea kiwango mapema, kwa kawaida asilimia ndogo ya matumizi yote. Tuseme halmashauri imetumia bilioni 30 na kiwango ni asilimia 1: hiyo ni milioni 300. Milioni 80 zilizoishia mfukoni mwa wakusanya ushuru ziko chini kabisa ya hapo. Na hata zingezidi, kama zimeandikwa vitabuni kuwa ni deni la fulani na fulani, na zikatengwa kama deni la mashaka (lisilo na uhakika wa kulipwa), hesabu zimesema kweli. Fedha haipo, hati ipo.

Hati huharibika pale vitabu vyenyewe visiposema kweli: majengo ya shule hayamo kwenye rejista ya mali, salio la benki limekataa kulingana na daftari la fedha, vocha za malipo hazionekani. Hapo ndipo inakuja hati yenye shaka, au mbaya zaidi ya hiyo.

Kwa hiyo weka hati pembeni. Omba ripoti ya ukaguzi ya halmashauri yenu yenyewe, maana ile kuu ya Serikali za Mitaa inayosomwa Bungeni inawagusa kwa mistari michache tu. Omba na barua ya ukaguzi iliyokwenda kwa menejimenti. Hoja nyingi zinazouma zinakaa humo, na madiwani wengi hawaijui kama ipo.

Mtunza Stoo
Niongezee kwenye hizo mbili za makusanyo. Kwa kila mashine ya POS (ile ya kukusanyia ushuru na kutoa risiti), dai vitu vitatu: taarifa ya makusanyo kutoka kwenye mfumo, malipo ya benki kwa kumbukumbu namba, na rejista ya kukabidhi mashine (nani alipewa, lini, akarudisha lini). Viweke sambamba.

Mfano wa kufikirika: mashine moja, mwezi Machi, mfumo unasema 6,420,000, benki imepokea 4,900,000. Pungufu ni 1,520,000. Usiishie kwenye tofauti, tazama tarehe. Kama makusanyo ya tarehe 4 Machi yanaingia benki tarehe 19, na ya tarehe 20 yanaingia Aprili, huyo anazungusha: fedha ya leo inaziba shimo la juzi. Siku akihamishwa kituo, shimo linabaki wazi na jina lake halipo tena kwenye orodha. Kisha tafuta siku ya gulio ambayo mashine haikutoa risiti hata moja. Na miamala iliyofutwa: nani aliomba ifutwe, nani aliidhinisha, kielelezo gani kimeambatishwa. Aliyeomba na aliyeidhinisha akiwa mtu mmoja, hapo pana hoja mpya kabisa.

Miradi ya fosi akaunti, ile halmashauri inanunua vifaa na kuajiri mafundi yenyewe bila mkandarasi, nayo isikupite. Leja ikionyesha mifuko 400 ya saruji imeingia na kutoka siku hiyo hiyo kwa saini moja, nenda saiti. Jengo likiwa bado msingi, uliza saruji imelala wapi.

Nairobi Kaunti
Ndugu zangu, kwetu Kenya utata huu umepunguzwa kidogo. Ibara ya 229 ya Katiba ya 2010 inamtaka Mkaguzi Mkuu athibitishe kama fedha za umma zimetumika kisheria na kwa njia yenye tija. Ndiyo maana ripoti ya kaunti ina sehemu tatu: hesabu, uhalali na tija ya matumizi, na udhibiti wa ndani. Gavana anaweza kujigamba na sehemu ya kwanza huku ya pili inamvua nguo.

Diwani wa Kata
Shukrani sana wakuu. Jedwali lina safu ya "hali ya utekelezaji", na hoja 14 zimeandikwa "imejibiwa". Naambiwa hizo zimekwisha. Na moja ipo TAKUKURU (taasisi ya kupambana na rushwa), eti baraza lisiiguse.

Leja Kuu
"Imejibiwa" si hali ya utekelezaji, Mheshimiwa. Anayefunga hoja ni mkaguzi akishahakiki, na lugha yake ni hii: imetekelezwa, inatekelezwa, haijatekelezwa, imepitwa na wakati. Barua ya kumkumbusha mdaiwa alipe ni jibu tu. Stakabadhi ya benki ndiyo utekelezaji. Hizo 14 zipitie moja moja ukiuliza kielelezo.

Hiyo ya TAKUKURU, jinai waachieni wao. Lakini baraza linaweza kuuliza kiasi gani kimerejeshwa hadi leo, na ule mwanya uliotumika umezibwa vipi. Msitegemee LAAC (Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa) iwafanyie kazi hiyo, kila mwaka huita baadhi tu ya halmashauri.

Mtunza Stoo
Na usibebe hoja zote 61, utapewa dakika tano. Chagua nne au tano, uanze na zile zilizojirudia. Andika maombi ya nyaraka kwa mkurugenzi leo, nakala kwa mwenyekiti wa kamati, ukitaja namba ya hoja na aya ya ripoti. Rejista ya kukabidhi mashine ndiyo huchelewa kuliko zote, iweke namba moja kwenye barua.